Kisonono Kikinyamaza Hakijapona

Miongoni mwa magonjwa yanayoshambulia via vya uzazi vya mwanamume, kisonono kimejulikana tangu zamani. Bakteria wanaokisababisha waligunduliwa mwaka 1879 na daktari Mjerumani, Albert Neisser.

Bakteria hao huambukizwa kwa kujamiiana, nao hujipachika kwenye utando laini wa ndani ya mrija wa mkojo. Kwa kawaida, baada ya siku 2 hadi 5, mgonjwa huona uchungu akikojoa, na usaha humtoka. Dalili hizo zaweza kufifia zenyewe bila dawa, na hapo ndipo wengi hudhani wamepona. Klamidia, ambayo mara nyingi huandamana na kisonono, yaweza hata isioneshe dalili yoyote.

Bila tiba, bakteria waweza kupanda hadi kwenye epididimisi, yaani mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya kila korodani. Mrija huo ukinyooshwa hufikia mita 6 hivi, na humo ndimo mbegu za kiume hupevukia. Mfuko wa korodani huvimba na kuuma, na uvimbe ukiisha waweza kuacha kovu lizibalo njia. Njia zikiziba pande zote mbili, mbegu huendelea kutengenezwa lakini hazitoki. Hivyo mwanamume mwenye nguvu zake zote aweza kuwa mgumba, ilhali lawama ya kukosa mtoto hutupiwa mkewe.

Tangu miaka ya 1940, penisilini ilitibu kisonono vizuri. Lakini mwaka 1976 waligunduliwa bakteria wenye kimeng'enya kinachoivunja dawa hiyo. Dawa nyingine zilizofuata nazo zilishindwa moja baada ya nyingine, na leo tegemeo kuu ni sindano ya seftriaksoni. Kila mara dawa inapotumiwa kwa kubahatisha au kwa nusu ya kipimo, bakteria dhaifu hufa, na wale sugu hubaki wakazaana.

Kwa hiyo hapana budi mgonjwa apimwe hospitalini na kupewa dawa kwa kipimo kamili. Mwenziwe naye atibiwe, la sivyo wataambukizana upya. Kwa kinga, mipira ya kiume hufaa sana ikitumiwa kila mara.

Lakini si kila maumivu ya korodani ni maambukizo. Yakianza ghafla, hasa kwa kijana, huenda korodani imejisokota na kukatiwa damu. Kijana huyo apelekwe hospitali mara moja, kwani baada ya saa 6 hivi matumaini ya kuiokoa hupungua upesi. Akinyamaza kwa kuona haya, aweza kuipoteza.