Jumla iko sawa, ekseli imezidi: mizani inavyosoma lori lako

KOBERO, Burundi – Lori la kahawa linalotoka Gitega hupita Muyinga, huvuka mpaka hapa Kobero na kuingia Kabanga, Tanzania, kabla ya safari ndefu ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Njiani kuna mizani, na wafanyabiashara wengi huiogopa bila kujua inapima nini hasa.

Mizani ya barabarani haipimi jumla peke yake. Chini ya sahani za chuma ambazo lori hukanyaga kuna vihisi vya uzito. Kila kihisi ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyuzi nyembamba za metali. Mzigo ukikibana, chuma hujikunja kidogo mno, nyuzi hunyooka, na umeme unaopita humo hubadilika. Kihisi cha kawaida kikipewa volti 10, mabadiliko hayo hufikia milivolti 20 tu kikiwa kimebeba uzito wake wote. Betri moja ya tochi ina milivolti 1,500.

Umeme huo mdogo huingia kwenye kifaa chenye njia nyingi, kila njia na vihisi vyake. Kifaa huukuza, huugeuza kuwa namba mara nyingi kwa sekunde, kisha huchukua wastani ili mtikisiko wa gari usiharibu hesabu. Kwa kuwa sahani hazichanganywi, mizani huweza kutoa uzito wa kila kundi la ekseli, kisha jumla.

Hapo ndipo wengi hukwama. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, lakini kila kundi nalo lina kikomo chake. Kwa lori la ekseli sita lenye matairi mapacha, ekseli ya usukani ni tani 8, mbili za kati tani 18 na tatu za nyuma tani 24, jumla tani 50. Tuseme lako limesoma 7, 20 na 22. Jumla ni 49, lakini ekseli za kati zimezidi kwa tani mbili. Kosa si wingi wa mzigo, ni mpangilio wa magunia.

Kwa hiyo, simamia upakiaji wewe mwenyewe au mtu unayemwamini, na ukipata mizani karibu na ghala, pima kabla ya kuondoka. Mwambie dereva apande sahani taratibu, kwa sababu breki ya ghafla husukuma uzito mbele. Akishapima, aombe karatasi na asome kila mstari, siyo wa mwisho tu. Mkizidi, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha magunia yahamishwe kutoka wapi kwenda wapi.