Kila Mtu na Jasho Lake

Hebu fanya jaribio hili nyumbani kwako. Mwulize mume, mkewe akiwa hayupo, kati ya kazi mia za nyumba yeye hufanya ngapi. Kisha mwulize mke vivyo hivyo, ujumlishe. Yamkini utapata zaidi ya mia, ilhali nyumba ni moja na kazi ni zile zile.

Wataalamu wawili wa elimu ya nafsi nchini Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, walilitangaza jambo hili mwaka 1979. Waliwahoji waume na wake, jozi 37, kila mmoja peke yake, juu ya shughuli 20 kama vile kupika, kusafisha nyumba na kutunza watoto. Katika shughuli 16, sehemu walizojipa wawili hao zilipojumlishwa zilizidi kazi yenyewe.

Usidhani walikuwa waongo. Mume huikumbuka ndoo aliyoibeba kwa mkono wake. Ndoo tatu za mkewe zilijazwa yeye akiwa hayupo. Wala sisemi kwamba kila lalamiko ni la bure. Wako wanawake wengi waamkao alfajiri na kulala wa mwisho, na hesabu yao ni sahihi kabisa.

Ofisini mambo huharibika zaidi, kwa kuwa huko hesabu hiyo huandamana na cheo na mshahara. Hesabu za mwaka zikikamilika, karani hukumbuka usiku aliokesha. Mtunza bohari aliyehesabu magunia juani hamjii akilini. Mwenzake akipandishwa cheo, huamini ameonewa. Hagombi na mtu. Huchelewa kidogo, hujibu kwa mkato, faili hulala mezani siku nne, na mwananchi aliye dirishani huambiwa arudi kesho.

Wataalamu hao waliwauliza pia wanafunzi wa chuo kikuu juu ya kazi walizofanya na wasimamizi wao. Walioulizwa msimamizi alichangia kiasi gani walijipa wenyewe sehemu ndogo kuliko walioulizwa juu ya mchango wao. Swali lilipogeuzwa, kumbukumbu nayo iligeuka.

Kwa hiyo mkuu wa kazi, kabla ya kikao cha kupima utendaji, na amtake kila mtu aandike kwanza waliyoyafanya wenzake, kwa majina na siku. Nyumbani karatasi haihitajiki: jioni ya leo mwulize mwenzio ndoo zilikuwa ngapi.