"Ushuru Umelipwa": Umelipwa Wapi?

Anayetoka Sironga, Kaunti ya Nyamira, akapitia Kisii na Migori, hufika Isebania kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya pili ni Sirari. Kijana atafutaye pikipiki ya bodaboda akitajiwa huko bei nafuu, kisha akahakikishiwa kwamba "ushuru umelipwa", hudhani mambo yamekwisha. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kauli hiyo, hata ikiwa ya kweli, inavyoweza kumtia hasarani.

Awali ya yote, tutazame istilahi. Neno ushuru lina asili ya Kiarabu na linahusiana na sehemu ya kumi. Nchini Kenya limepanuka hata likawa jina la takriban kila kodi. Ndiyo maana KRA huitwa Mamlaka ya Ushuru. Nchini Tanzania neno pana ni kodi, chombo husika ni Mamlaka ya Mapato, na ushuru aghalabu hubainishwa: wa forodha au wa bidhaa. Ada, kwa upande wake, ni malipo ya huduma, kama vile usajili. Basi muuzaji husema kuhusu ushuru uliolipwa Tanzania, naye mnunuzi husikia kwamba hadaiwi chochote popote.

Pili, kuna dhana kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2005, ulifuta ushuru mipakani. La hasha. Msamaha huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Pikipiki iliyoundwa India au China haipati asili mpya kwa kuuzwa Sirari. Ikiingizwa Kenya ili itumike huko, hudaiwa kodi za Kenya.

Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo thamani yake ya forodha ni shilingi 100,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi 25,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, haikokotolewi kwa 100,000 bali kwa 125,000. Nayo ni shilingi 20,000. Jumla ni 45,000, kabla ya ushuru wa bidhaa, tozo ya reli na ada ya tangazo la uingizaji. Ushuru wa bidhaa ni kiasi maalumu kwa kila pikipiki. Ulianza na shilingi 10,000 mwezi Desemba 2015 na baadaye ukapandishwa. Huo nao huongezwa kwenye thamani inayotozwa asilimia 16. Unafuu wa Sirari huyeyuka hapo.

Asiyelipa hana stakabadhi za forodha, na bila hizo hawezi kusajili pikipiki wala kupata nambari ya Kenya inayoanza kwa KM. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu mali hiyo kutwaliwa. Mkopo wa chama utabaki ukidaiwa ilhali pikipiki haipo.

Kununua Kisii au Kisumu ni jambo jingine: mipaka ya kaunti haizalishi ushuru mpya wa forodha. Linalobaki ni kuhamisha umiliki ikiwa pikipiki ilikwisha kusajiliwa.

Kwa kuhitimisha, mnunuzi na aulize kabla ya kutoa fedha: ni ushuru gani uliolipwa, umelipwa nchi gani, na stakabadhi ziko wapi? Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuwafafanulia jamaa zetu maneno haya kabla hawajavuka mpaka.