Mto Nile na Hukumu ya Mfereji wa Harra

Katika zama za Mtume (s.a.w.), watu wawili wa Madina waligombania mfereji wa Harra uliomwagilia mitende. Shamba la Zubeir bin Awwam (r.a.) lilikuwa juu, la jirani yake, mmoja wa Ansari, lilikuwa chini. Mtume alimwambia Zubeir amwagilie, kisha amfungulie jirani maji. Ansari yule akakasirika, akadai Zubeir amependelewa kwa udugu. Ndipo Mtume akampa Zubeir haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba.

Kisa hicho, kilichopokewa na Bukhari, kilitujia akilini tarehe 9 Septemba 2025, Ethiopia ilipozindua bwawa lake juu ya Nile ya Bluu. Bwawa hilo laweza kuhifadhi maji mita za ujazo bilioni 74, na mitambo yake imekusudiwa kuzalisha megawati 5,150 za umeme. Addis Ababa walishangilia. Cairo walipeleka malalamiko kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Wengi wetu huiegemea Misri kwa haraka, kwa sababu ya Al-Azhar na lugha ya Qur'ani. Tusisahau kwamba Habasha ndiyo iliyowahifadhi Masahaba walipoteswa Makka, na kwamba mamilioni ya Waislamu wanaishi humo. Maji mengi ya Nile huanzia katika milima yake, ilhali mamilioni ya raia wake hawana umeme. Hata hivyo, hofu ya Misri si ya kubuni. Nchi hiyo takriban haina mvua. Mto ukipungua, mkulima wa huko hana pengine pa kukimbilia.

Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba hakuna ujenzi utakaopunguza maji yake katika makoloni ya Waingereza bila ridhaa yake. Kenya ilikuwamo, kwa ajili ya Ziwa Viktoria, wala hakuna aliyetuuliza. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana mto: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Ethiopia, aliye juu ya mfereji, hakutengewa hata tone.

Kung'ang'ania mgao ule leo ni kufanana na yule Ansari. Lakini Zubeir naye aliamriwa kwanza afungulie. Bwawa la umeme haliyamezi maji. Huyapitisha kwenye mitambo yakaendelea na safari. Tatizo ni ukame wa miaka mfululizo: ni kiasi gani kitaachiliwa, na nani ataamua pakizuka mzozo? Nchi hizo tatu zilitia saini tamko la misingi mjini Khartoum mwezi Machi 2015. Miaka kumi baadaye bwawa lilizinduliwa, na maswali hayo mawili bado hayajaandikiwa mkataba.