Mlezi, Msaidizi au Mhudumu? Lugha ya Kazi ya Kuzihudumia Familia katika Programu za Malezi ya Awali, Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya mhudumu wa familia katika programu za malezi na makuzi ya mtoto mdogo katika eneo la Arua Hill na ukanda unaoelekea Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa kuitazama kama kazi ya lugha. Inaelezwa kwamba chombo kikuu cha mhudumu huyo ni mazungumzo, na kwamba Kiswahili kinapotumika katika mazungumzo hayo hakifiki kitupu: hufika kikiwa kimebeba kumbukumbu za kambi ya jeshi na za foleni ya mgawo. Istilahi kadhaa zinachunguzwa, pamoja na namna ya kuuliza maswali katika ua wa mzazi.

Utangulizi

Kabla ya Arua kupandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Julai 2020, Arua Hill ilikuwa mojawapo ya divisheni mbili za manispaa, nyingine ikiwa River Oli. Mwendo wa kilomita zisizofika 60 kuelekea kaskazini humfikisha msafiri Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, mahali ambapo mipaka ya Uganda, Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakutana. Katika barabara hiyo moja husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kiarabu cha Juba, Kilingala, Kiingereza na Kiswahili. Kilugbara ni lugha ya tawi la Sudani ya Kati. Kikakwa ni ya Kinailoti cha Mashariki, nacho huzungumzwa katika nchi zote tatu. Kwa hiyo mwenyeji wa hapa hapati katika Kiswahili ule unafuu wa udugu wa lugha anaoupata Mganda au Mnyankole. Upatanisho wa ngeli ni mgeni kwake kama ulivyo kwa Mwarabu.

Ni katika mazingira hayo ambapo Sera Jumuishi ya Taifa ya Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya mwaka 2016 inatarajiwa kutekelezwa. Sera hiyo humtazama mtoto tangu kutungwa mimba hadi umri wa miaka 8, na kwa sababu hiyo huipa familia nafasi ambayo shule haiwezi kuijaza. Ikumbukwe pia kwamba elimu ya kabla ya darasa la kwanza nchini Uganda imeachwa zaidi mikononi mwa watu binafsi, jumuiya na mashirika. Mzazi asiye na ada hana kituo. Kwa mzazi huyo programu ni mtu anayebisha hodi.

Kazi yenyewe

Mhudumu wa familia huzuru nyumba kadhaa kwa zamu, aghalabu kwa miguu au kwa baiskeli, na mara nyingi kwa posho tu. Haendi kufundisha darasa. Huketi na mama anayemenya mihogo, hutazama jinsi mtoto anavyonyonya, anavyotambaa, anavyogeukia sauti; huulizia chanjo, cheti cha kuzaliwa, maji na choo; husikiliza kisichosemwa kuhusu ugomvi wa nyumbani; na anapoona jambo lililo nje ya uwezo wake huielekeza familia kwenye kituo cha afya, kwa afisa ustawi wa jamii au kwa mwenyekiti wa LC1. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu malezi ya mtoto mdogo unataja nguzo tano: afya, lishe, usalama, malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Mbili za kwanza zina zana, yaani mizani, utepe wa kupimia mkono na kadi. Tatu zilizobaki hutegemea karibu kabisa maneno, na ndizo zinazosumbua.

Kiswahili kilivyofika uani

West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914. Katika miongo iliyofuata vijana wengi wa eneo hili waliajiriwa katika jeshi la King's African Rifles, ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Idi Amin, aliyekuwa na asili ya Kikakwa ya upande wa Koboko, alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1979, wakazi wa West Nile waliadhibiwa kwa pamoja kwa makosa ya utawala ule. Mauaji ya Ombaci ya Juni 1981, katika eneo la misheni karibu na Arua, yangali yanakumbukwa. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudani, na watoto waliokulia huko walirudi na Kilingala na Kiarabu cha Juba. Mama wa leo mwenye miaka 50 huenda alikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki.

Historia hii haimaanishi kwamba Kiswahili kinakataliwa. Sokoni kinatumika kila siku, hasa na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Ariwara, na hadhi yake ya kisheria imepanda: marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Hata hivyo sajili iliyoenea ni ya amri na ya bei. Zote mbili hupunguza viambishi na kupendelea kitenzi kikavu: leta, kaa, toa, ngapi. Mhudumu akisema "nyonyesha mtoto", sentensi haina kosa lolote la sarufi, lakini kwa masikio ya mama mkubwa wa nyumba ni sauti ya koplo.

Nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987) hueleza kwamba kila agizo huhatarisha heshima ya anayeagizwa, na kwamba msemaji hutafuta njia za kupunguza hatari hiyo. Kiswahili sanifu kina njia iliyo tayari, nayo ni dhamira tegemezi: "umnyonyeshe", au bora zaidi "tujaribu kumnyonyesha hivi". Tatizo ni kwamba kiambishi tamati -e ni miongoni mwa vitu vinavyopotea kwanza katika Kiswahili cha sokoni, na mama aliyezoea umbo moja huenda asiipate tofauti iliyokusudiwa. Mhudumu mzoefu hufidia kwa nyenzo nyingine. Huamkia kwanza kwa lugha ya nyumba, Kilugbara au Kikakwa, hata kama anajua maamkizi peke yake. Humwita mwenyeji wake kwa jina la mtoto, Mama Fulani, na bibi wa nyumba humwita mama. Kisha hutanguliza "naomba" pale ambapo mwongozo uliochapishwa unaanza na kitenzi. Mafunzo mengi huyahesabu mambo haya kuwa tabia njema tu, ilhali ni ujuzi wa kazi unaofaa kufundishwa.

Jina la kazi

Cheo chenyewe hakijatulia. "Msaidizi wa familia" ndiyo tafsiri inayojitokeza haraka, nayo ina kasoro mbili. Mjini msaidizi ni mtumishi wa kazi za nyumbani. Katika makazi ya wakimbizi, kama Rhino Camp, Imvepi na Lobule, neno hilo linasikika pamoja na msaada, na msaada ni chakula, fedha, turubai na sabuni. Mtu anayejitambulisha kwa jina hilo na kuja mikono mitupu huwa amevunja ahadi kabla hajaketi.

"Mlezi" ni neno zuri zaidi, lakini limejaa watu. Mzazi ni mlezi, bibi ni mlezi, na neno la Kiingereza wanalotumia Waganda kwa mwalimu wa kituo cha watoto likitafsiriwa moja kwa moja nalo huwa mlezi. Sentensi "mlezi azungumze na mlezi" imekwisha kupoteza maana. Tanzania, ambayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mnamo Desemba 2021, imefaulu kutenganisha dhana tatu katika jina la programu yenyewe: malezi ni tendo la mtu mzima, makuzi ni ya mwili wa mtoto, maendeleo ni ya uwezo wake. Makala haya yanatumia "mhudumu wa familia" kwa kulilinganisha na "mhudumu wa afya", ambalo tayari lina heshima vijijini. Ni kweli kwamba hotelini mhudumu ni anayeleta chai. Lakini hiyo ni dosari ndogo kuliko kuleta mkono mtupu.

Kucheza, kuitika, kilema

Mwongozo humtaka mhudumu amwambie mama acheze na mtoto wa miezi sita. Kitenzi "kucheza" katika Kiswahili hubeba mchezo, ngoma na mzaha pamoja. Mama aliyetoka shambani saa saba mchana akiambiwa acheze anaweza kusikia kwamba kazi yake haijaonekana. Wahudumu wanaofanikiwa hawaanzi na neno hilo. Humwonyesha mama kile ambacho tayari anakifanya: anapomwogesha mtoto huku akimtajia viungo, anapompa kikombe cha plastiki ashike wakati yeye anapepeta. Hapo jina la tendo linakuja baada ya tendo.

"Malezi yenye mwitikio" ni istilahi nzito mdomoni, lakini mzizi wake ni mwepesi kuliko inavyoonekana. Kuitika kunajulikana na kila mtu: anayeitwa huitika. Ukimwambia mama kwamba kilio, mguno na macho ya mtoto ni wito, na kwamba anastahili kuitikiwa kama anavyoitikiwa mkubwa, umefafanua dhana nzima bila kuitaja nomino. Kuna somo hapa kwa waundaji wa istilahi, kwamba nomino dhahania ya mwongozo irudishwe kwenye kitenzi kabla ya kupelekwa kijijini.

Neno la tatu ni la kuumiza. Kiswahili cha kale kiliwaweka kilema, kipofu, kiziwi na bubu katika majina yanayomfunika mtu mzima, na matatu ya kwanza yamo katika ngeli ya vitu. Matumizi ya "mtoto mwenye ulemavu" yameenea katika maandishi, lakini uani jina la zamani hutoka upesi, na mtoto husikia. Mhudumu anayemrekebisha bibi mbele ya wageni hupoteza nyumba hiyo. Anayelirudia jina la mtoto, jina lake alilopewa, katika kila sentensi hufika mbali zaidi.

Swali na orodha

Programu ya Chakula Duniani ilipunguza mgawo wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30 mnamo Aprili 2020, ikaushusha hadi asilimia 60 ya mgawo kamili mapema mwaka 2021, na kuanzia Julai 2023 ikazigawa kaya katika makundi kulingana na uhitaji. Tangu hapo swali lolote kuhusu idadi ya watu na kilicholiwa jana huonekana kuwa na matokeo. Mhudumu anayefungua daftari huku akiuliza "mko wangapi?" ameshaingia katika zamu ya karani, na majibu atakayopata ni majibu ya karani. Kuketi kwanza, kuzungumza, na kuandika baada ya kuondoka ni njia inayochosha, na fomu hujazwa kwa kumbukumbu. Hata hivyo kilichoandikwa huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa kweli.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika swali linaloonekana jepesi. Fomu, ambayo kwa kawaida ni ya Kiingereza na hutafsiriwa papo hapo, humtaka mhudumu aandike uhusiano wa mtu mzima na mtoto. Huuliza, "Wewe ni mama yake?" na hujibiwa, "Ndiyo." Jibu hilo si uongo. Dada wa mama ni mama, mdogo au mkubwa, katika Kiswahili na katika mazoea ya jamii nyingi za eneo hili. Mtoto aliyevuka mpaka wa Oraba na mama yake mdogo mwaka 2016, wakati vita vilipozuka upya Juba, hana jina jingine la kumwitia. Lakini fomu imemhesabu kuwa yuko na aliyemzaa, na jina lake haliingii katika orodha ya watoto waliotengana na wazazi, orodha ambayo ndiyo huanzisha utafutaji wa jamaa. Kuuliza "nani alimzaa?" mbele ya mtoto ni ukatili. Wahudumu wenye busara huulizia safari: alizaliwa wapi, mlitoka pamoja na nani, nani alimbeba njiani. Katika simulizi hiyo mama mwingine hutajwa na msimulizi mwenyewe, kwa wakati wake, na mara nyingi ni katika ziara ya tatu au ya nne.