Kitambi Hakiondoki kwa Mwezi Mmoja

Hapa kwetu Mwambao mtu akinenepa huambiwa, "Mashaallah, umenawiri." Akikonda huulizwa kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, una nini?" Desturi hii ni ya zamani, nayo ilizidi nguvu miaka ya 1980, ukimwi ulipoingia Afrika Mashariki na jirani zetu wa Uganda wakaupa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Tangu hapo kukonda kumekuwa tuhuma. Basi usistaajabu, msomaji, ukiwaona watu wazima wa Mombasa na Malindi wakitembea na vitambi vyao kama watu waliotunukiwa nishani.

Lakini maradhi ya sukari hayajali sifa za barazani. Kaka yangu mkubwa amekatwa mguu kwa sababu yake, na haiwezekani mimi kuandika habari hizi kwa mzaha.

Aghalabu wenzetu hungojea Ramadhani. "Mwezi ukiingia nitapungua," husema. Hupungua kweli, kilo moja hivi, kisha Shawwal haijesha zimerudi. Na zisirudi vipi? Mchana kutwa mtu amefunga, magharibi anaandaliwa viazi karai, sambusa, tambi za sukari, mihogo ya nazi na kaimati zinazoogelea katika shira; akitoka tarawehe anaanza upya. Saumu ni ibada, si dawa ya kitambi. Hadithi aliyoipokea al-Miqdam bin Maadikarib, iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi, sote tuliisoma chuoni: tumbo lina fungu la chakula, fungu la maji na fungu la pumzi. Haikusema kwamba ni kwa mwezi mmoja tu.

Wataalamu wa Marekani walitangaza mwaka 2002 matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 3,234 waliokuwa karibu kushikwa na sukari. Kundi moja lilipewa metfomini. Jingine liliambiwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Baada ya miaka kama mitatu hatari ya maradhi ilikuwa imepungua kwa asilimia 31 kwa wale wa vidonge, na asilimia 58 kwa wale waliobadili mwenendo. Asilimia 7 ya mtu wa kilo 90 ni kilo 6 na kitu. Si lazima awe mwembamba kama ufito!

Sasa tuingie jikoni, maana ndiko yaliko mambo. Mtu anayetia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe, na kunywa vikombe vinne kwa siku, hunywa gramu 48 hivi. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 17, na hapo hatujahesabu halua wala soda za arusini. Simwambii mtu aache mahamri na mbaazi, nami sitayaacha. Lakini yanaweza kuwa ya Ijumaa, na siku nyingine ukala mkate wa mofa, ambao haukuzama mafutani. Samaki achomwe badala ya kukaangwa. Mchicha na kachumbari zijae sahani kwanza, wali wa nazi ufuate. Kahawa yetu chungu haina sukari tangu enzi za mababu, na hakuna aliyekufa kwa kuinywa.

Neno kwa wanaume wenzangu: ukimwambia mama watoto apunguze tui, halafu ukapita mkahawani kula biriani, umemwonea bure. Nyumba nzima ibadilike, au haibadiliki. Na mwenye kutumia dawa za sukari asipunguze chakula kabla hajamwuliza daktari wake.

Mimi nilikuwa kilo 94. Leo, baada ya mwaka na nusu, ni 87, na mshoni amekwisha kunipunguzia kanzu mbili. Tuko wanne, tukishaswali laasiri hutoka Mji wa Kale kwa miguu kuelekea Mama Ngina, na tuktuk zikitupigia honi huzipungia mkono zipite. Jumatatu hatwendi, kwa sababu mmoja wetu ana darsa msikitini.