Magonjwa ya Majani ya Bustani Wakati wa Joto: Namna ya Kuyatambua na Kuyazuia

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo majira ya joto. Wakati huo viwanja vya michezo na bustani za nyumbani huanza kuonyesha madoa yenye rangi ya majani makavu. Mtu mmoja hudhani ni kiu, akamwaga maji jioni. Mwingine hudhani ni njaa, akatia mbolea ya chumvichumvi. Mara nyingi tiba hiyo ndiyo inayoumaliza uwanja.

Chanzo cha ugonjwa

Wataalamu wa mimea hufundisha kwamba ugonjwa hutokea pale mambo matatu yanapokutana: kimelea, mmea unaoweza kushambuliwa, na hali ya hewa inayomfaa kimelea. Likikosekana moja, hapana ugonjwa. Majani ya asili ya nchi za baridi hustawi katika joto la nyuzi 15 hadi 24 za Sentigredi. Joto likipita nyuzi 30 mizizi yake hufupika na nguvu hupungua. Lakini joto hilo hilo, likichanganyika na unyevu, huzistawisha kuvu kadhaa zinazoishi udongoni na katika mabaki ya majani.

Magonjwa matatu makubwa

La kwanza ni baka la kahawia, linaloletwa na kuvu iitwayo *Rhizoctonia solani*. Huonekana kama duara lenye upana wa sentimita chache hadi mita moja hivi. Alfajiri, umande ungalipo, ukingo wa duara huweza kuwa na mstari wa kijivu mfano wa moshi. Ugonjwa huu hupamba moto usiku unapokuwa na joto la nyuzi 20 au zaidi na majani yakabaki na maji kwa saa nyingi. Naitrojeni ikizidi, majani huwa laini na kuvu hupenya kwa urahisi.

La pili huitwa doa la dola, kwa kuwa katika majani yaliyokatwa mafupi sana kila doa hulingana na sarafu ya fedha ya Marekani. Jani moja moja huwa na alama nyeupe yenye kingo za kahawia-nyekundu, mara nyingi iliyobana katikati kama kiuno. Ugonjwa huu huzidi pale naitrojeni inapopungua. Mwaka 1937 F. T. Bennett wa Uingereza aliipa kuvu yake jina la *Sclerotinia homoeocarpa*, lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliwafanya wataalamu kuihamishia katika jenasi mpya, *Clarireedia*, mwaka 2018.

La tatu huletwa na vimelea vya *Pythium*. Hivi si kuvu hasa, bali vina ujamaa wa karibu zaidi na mwani. Mbegu zake huogelea majini, ndiyo maana majani hufa kwa kufuata mkondo wa maji, tena kwa siku moja au mbili tu.

Msomaji ataona kwamba ugonjwa wa kwanza hulishwa na mbolea nyingi na wa pili hupunguzwa na mbolea ya kiasi. Kwa hiyo kutambua hutangulia kutibu. Chunguza jani moja moja asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Kisha vuta majani kwa mkono: yakiinuka kama zulia, huenda mizizi imeliwa na mabuu.

Kuzuia

Mwagilia alfajiri, wala si jioni, ili jua likaushe majani mapema. Toa maji mengi kwa mara chache ili mizizi iende chini. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, noa kisu cha mashine, na usikate majani yaliyolowa. Ondoa matawi yanayozuia upepo.

Dawa ziwe za mwisho. Zamani viwanja vya gofu vilinyunyiziwa dawa zenye zebaki na kadmiamu, metali zenye sumu zinazodumu ardhini. Zikaja dawa nyingine, lakini katika miaka ya 1970 iligunduliwa huko Marekani kwamba kuvu ya doa la dola imekwisha kuzizoea baadhi yake.

Zoezi la shule

Ukoka wetu ni mmea uliozoea joto, na leo hupandwa katika viwanja vya nchi nyingi zenye joto. Hata hivyo doa la dola huushambulia pia. Wanafunzi wapime viwanja viwili vya mita moja ya mraba. Kimoja kimwagiliwe alfajiri, kingine jioni, kwa kiasi kile kile cha maji. Kila siku kwa muda wa mwezi mmoja waandike saa ambayo majani yamekauka, na idadi ya madoa wanayoyaona. Je, ni upande gani wa ile pembe tatu ya ugonjwa walioubadilisha?